Ute Katika Tangi la Edo Sahara

Edo Sahara alizikwa Ijumaa, na Jumamosi Mutinda akafika matangani. Nilimtambua kwa mwendo, maana uso umeshakuwa wa mzee. Alishuka basi la Mwingi, akaketi na wanaume chini ya turubai, akapewa chai, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Pengine walidhani ni dereva wa mmoja wa wageni. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake, nikamwona kupitia mwanya wa pazia, na niseme ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa furaha. Nilijiuliza amekuja kutafuta nini. Hiyo ni tabia niliyoipata mwaka ule mmoja pale karakanani, kutazama mikono ya mtu kabla sijamtazama usoni, na sasa nina wajukuu na bado sijaiacha. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nane, na haya nitakayoyasema kuhusu vijidudu niliyapata kwa kusikiliza wengine. Huenda mengine nimeyashika vibaya. Lakini yale ya watu niliyaona mwenyewe, na nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Edo ni shangazi kwa Kisomali, na sote tulimwita hivyo, hata mimi mtu wa mto Tana nisiye wa damu yake. Karakana yake ya halua ilikuwa nyuma ya soko la Garissa, chumba kirefu chenye paa la mabati na majiko matatu yaliyojengewa kwa saruji. Juu ya kila jiko palikuwa na karai pana, na mwanamume amesimama akikoroga sukari, wanga wa mahindi na samli kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, jasho likimtoka hadi kiunoni. Harufu ya iliki ilituingia nguoni, na sokoni watu walitujua kabla hatujasema neno. Mkubwa wa wakorogaji alikuwa Warsame, mtu mnene, mcheshi, aliyeweza kukuambia halua imeiva kwa kusikiliza tu jinsi inavyochemka. Mimi nilikuwa mwosha makarai. Maji niliyooshea, yaliyojaa sukari na wanga, yaliteremka kwenye mfereji hadi tangi lililofukiwa uani, tangi lisiloingia hewa, na humo ndani vijidudu viliyala yale maji na kutoa gesi. Gesi hiyohiyo ilirudi kwa paipu hadi kwenye majiko. Tangi lilitunzwa na Mutinda, fundi kijana aliyeletwa kutoka Mwingi, ambaye chumba chake kilikuwa pale pale uani. Kila asubuhi alichota tope kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani. Mlikuwa na chembe nyeusi, ndogo kama pilipili manga, na ukiitikisa chupa zilizama upesi, maji yakabaki meupe juu yake. "Watu wangu wameshiba," alikuwa akisema, kisha ndipo anakunywa chai.

Mwaka ule ulianza na uvumi. Mutinda alikuwa amekwenda kwao Krismasi na hajarudi. Mji mzima ukaanza kusema kwamba choo cha karakana kinaingia kwenye lile tangi, na kwamba moto unaopika halua ya harusi zao unatoka chooni. Sijui nani alianza. Wengine walisema ni mwashi aliyejenga, wengine wakasema ni mshindani. Sisi wafanyakazi tulikasirika, tukajibu kwamba ni uongo, kwa sababu hatukuwa tumesikia kitu kama hicho hata siku moja. Halafu tukapeleka masinia kwenye harusi moja mtaa wa pili, na bibi mmoja mwenye meno ya dhahabu akaisukuma sahani yake mbele ya wenzake wote akasema, "Hii ya choo mimi sili." Wanawake wakaacha kutafuna. Edo Sahara alisimama katikati ya mkeka, akaliweka sawa shungi lake, akasema kwa sauti ambayo hata bwana harusi aliisikia nje: "Wallahi, hakuna choo kinachoingia kwenye tangi langu." Yule bibi akavuta sahani akala. Nilikuwa nimeshika sinia, na nilijivuna kana kwamba nimeapa mimi.

Mutinda aliporudi, haikupita muda chupa yake ikaanza kubadilika. Chembe zilikuwa zinazama polepole, kisha zikawa zinaelea, kisha hazikuwa chembe tena. Palikuwa na kitu kama kamasi. Alichovya kijiti, akakiinua, na ute ukavutika kutoka kwenye chupa kama mlenda, haukatiki. Moto wa majiko ukawa mdogo na wa njano. Mfereji wa kutolea maji ukaziba, Mutinda akauzibua kwa mikono, na kesho yake ukaziba tena. Sisi wote tulimzunguka tukitazama, na nakumbuka Warsame alicheka akasema, "Mutinda, tangi yako imeshika homa. Mpe dawa ya kikohozi." Siku hiyo ilikuwa mzaha bado.

Mzaha uliisha kwa sababu kila mtu alianza kufikiria kitu kimoja: kwamba kuna aliyetia kitu humo ndani. Ukiona chakula kimeharibika, unauliza nani amekishika. Mutinda aliamini wakorogaji wanamwaga humo halua iliyoungua ili Edo asijue, na kwa kweli waliwahi kufanya hivyo mara moja nikawaona. Warsame aliamini ni Mutinda. Mimi nilijishuku mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha sabuni, nikaanza kutumia ya unga badala ya majivu na mchanga, na usingizi ukanipaa nikifikiri nimewaua wadudu wa watu. Nikarudia majivu bila kumwambia mtu. Ute haukupungua. Ndipo nami nikaanza kutazama mikono ya wengine. Tulikuwa tunakula kwenye sinia moja, wanawake huku na wanaume kule, baasto, yaani tambi, na ndizi na mchuzi wa mbuzi, na mtu akichelewa kuja kula tulijua wote tunajiuliza alikuwa wapi.

"Mimi naona yeye asubuhi," Warsame alisema siku moja tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, Mutinda akiwa nje. "Anaenda na ndoo, nguo juu ya ndoo. Kama ni maji tu, kwa nini anafunika?"

"Labda nzi," nikasema.

"Nzi! Dada Hawa, wewe unahesabu mtu wote ni muzuri kama wewe. Hii mtu, kazi ya hapa ikiisha, kwao hakuna kazi ingine? Iko. Anataka tangi ife, Edo anunue ingine, yeye anajenga, anakula besa. Wallahi mimi siongei uongo."

Ile ndoo nami nilikuwa nimeiona. Mlikuwa na suruali zake za kufua. Nilisema hivyo, na Warsame akauliza nilijuaje kilichomo kwenye ndoo ya mwanamume. Wenzangu wakacheka. Lazima niseme pia kwamba Warsame hakuwa mtu mbaya. Nilipougua malaria mwaka huohuo ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali, juani, na hakutaka asante. Alikuwa anaipenda ile karakana, na mtu akipenda kitu humwona adui upesi.

Edo Sahara akaweka kufuli kwenye mfuniko wa tangi, ufunguo akauvaa shingoni. Mutinda alilazimika kumwomba kila anapotaka kuchota, naye alisimama pembeni amekunja mikono. Kisha mwezi wa Shaabani, oda za Idi zikianza kuingia, alimwita uani. Mimi nilikuwa kwenye makarai, sikujificha, waliniona. "Mutinda mwanangu," alisema, "mimi sijasema ni wewe. Lakini tangi uliipokea nzima. Kama mpaka Idi haijapona, utarudi kwenu." Mutinda alisema, "Sawa, Edo." Hakujitetea. Lakini aliporudi kwake alipita karibu nami, akasema kwa sauti ya chini: "Dada Hawa, hapa nikifukuzwa kwa jambo hili, mji huu hakuna atakayenipa hata kazi ya kuzibua sinki. Watasema ndiye yule aliyechafua chakula cha Waislamu." Nilijua ni kweli.

Adhuhuri ya Garissa kila mtu hulala. Joto hukulaza hata hutaki. Chumba chetu wanawake kilipakana na stoo alimokaa Edo, na ukuta ulikuwa wa mbao. Siku moja, wenzangu wakikoroma, nilimsikia akiongea kwa simu, kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajua anaongea na mtu wa kutoka nje. "Ile paipu uliifunga vizuri? ... Hapana, usije. Hapana, hata usiku usije. Nauliza tu kama hakuna kinachovuja kwenda kule." Nililala nimekodoa macho kwenye mabati. Ni paipu ipi? Kwenda kule wapi? Nikafikiri gesi inauzwa kwa siri. Nikafikiri mengi ambayo leo naona haya kuyaandika, juu ya mwanamke aliyenipa kazi na godoro. Jioni nilipokwenda chooni nilizunguka nyuma kidogo, nikaona udongo uliochimbwa ukarudishwa, na juu yake bamba la saruji ambalo bado halijashika vumbi kama saruji nyingine. Shimo jipya la choo. Nilisimama pale kama mjinga. Nilijua nimeona kitu, sikujua ni kitu gani.

Mutinda alimwomba Edo amwite aliyelichora tangi, na Edo akakubali, nadhani ili naye ajue adui yake ni nani. Alikuwa mhandisi, Nekesa, mwanamke kutoka magharibi mwa Kenya aliyekuwa amepangiwa kazi mjini kwetu, mrefu, mwenye kicheko kikubwa, aliyevaa buibui juu ya buti za mpira kwa heshima yetu. Wanaume walikuwa msikitini. Tulikuwa wanne tu uani: yeye, Edo, Mutinda, na mimi niliyeshika ndoo. Alitia mkono wenye glavu ndani ya tangi, akautoa, na ute ukaning'inia kutoka vidoleni hadi karibu na ardhi. Hakushtuka. Aliusugua kati ya kidole na kidole kama mtu anayenunua kitambaa.

"Mutinda, hawa watu wako unawalisha nini?"

"Maji ya makarai, madam. Sukari na wanga."

"Na nini tena?"

"Ni hayo."

"Sasa sikiliza. Hakuna aliyewatilia sumu. Huu ute wametengeneza wenyewe. Mtu umpe sukari tupu, asubuhi sukari, jioni sukari, maharagwe hapati, nyama hapati. Ataongeza mwili? Hawezi. Wadudu hawa nao wakikosa cha kujengea mwili hawazaani. Lakini sukari inazidi kuja, wataiweka wapi? Wanaigeuza ute, wanajipaka. Zile chembe zinakuwa nyepesi, zinaelea, zinatoka na maji." Akacheka. "Ndiyo maana nilikuchorea choo kiingie. Choo ndiyo maharagwe yao. Choo kiko wapi?"

Mutinda alifungua mdomo. "Kiko, madam. Mimi sijaki—"

"Hapa hakuna choo kinachoingia kwenye tangi," Edo akasema.

Ilikuwa sentensi ileile ya harusini. Nilimtazama Mutinda, na nikaona ameelewa kitu, ila ameelewa vibaya. Alidhani Edo anaficha mbele yangu, kwamba choo bado kipo na yeye asiseme. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mhandisi naye akamtazama Mutinda kwa jicho jingine, kama mtu aliyeharibiwa mchoro wake. Mimi peke yangu, niliyeishia darasa la nane, nilikuwa na vile vipande vyote mkononi: simu, saruji mpya, kiapo. Si kwa akili. Ni kwa sababu nililala kando ya ukuta wa mbao. Alipoanza safari ya kwenda harusini, Edo alikuwa amekwisha kukitoa choo, Mutinda akiwa kwao, ili kiapo chake kiwe cha kweli. Hakuapa uongo. Niliangalia kila upande na sikuona mahali pa kumshika. Alimwogopa Mungu, na alitaka kuulinda mkate wetu. Na hakuweza kumwambia fundi wake kwamba kimetolewa, bila kukubali kwamba kiliwahi kuwepo.

Nilibeba boksi la halua hadi kwenye gari la mhandisi, Edo akimsindikiza. Kwenye mlango wa gari mhandisi alisema polepole, "Mama, kama choo hamkitaki, mimi sina neno. Basi nunua mbolea ya kupandia, ile ya wakulima wa mtoni. Iyeyushwe, kidogo kidogo kila siku. Watajenga mwili." Edo akashukuru. Tukirudi hakunitazama. Alipofika mlangoni alisema, "Hawa, kwenu mtoni mna shamba, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Utaniletea mbolea. Kila alfajiri nitakupa ufunguo." Nikauliza, "Nimpe Mutinda?" Akasema, "Nimesema wewe."

Nikafanya hivyo. Baada ya swala ya alfajiri nilikoroga mbolea kwenye kopo, nikamimina, nikafunga kufuli. Ramadhani iliingia. Ute haukuondoka mara moja, na wiki za kwanza nilidhani nimefanya upumbavu. Lakini moto ulianza kuwa na buluu pembeni. Mfereji ukaacha kuziba. Asubuhi moja Mutinda alitikisa chupa yake na nikaona chembe zinazama, chache, lakini zinazama. Aliitikisa tena na tena. Hakusema wameshiba. Alitazama kufuli, akanitazama mimi, akaingia chumbani kwake.

Sikufikiria kitakachofuata, nami nilipaswa kufikiria. Siku za mwisho za Ramadhani, wakati wa kufuturu, tumekaa varandani na tende na sambusa, Warsame, ambaye p mara nyingi ilimtoka b, alisema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Munaona? Edo alimuambia, tangi isibone utaenda. Tangi imebona. Nani alibonya? Si yeye aliacha kutia ile kitu yake? Munataka ushahidi gani ingine?" Watu waliitikia, wengine kwa kichwa. Hata mimi kama ningekuwa sijui ningeitikia, maana ilikaa sawa kabisa. Tangi kupona ndiko kulikomhukumu. Mutinda, ambaye hakuwa anafunga lakini alisubiri kila siku ale nasi, aliweka sambusa yake chini. Aliinuka.

"Mbolea nilitia mimi," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, wengine hawakusikia. Nikarudia. Warsame akageuka. "Mbolea ya nini, dada Hawa?"

"Ya tangi. Kila alfajiri. Mutinda hajui."

"Nani amekutuma?" Na nikaona macho yote yanashuka kwenye mikono yangu, yale macho niliyoyajua, kwa sababu na mimi nilikuwa nayo. Sikutaka kumtaja. Sijui ningekaa kimya muda gani, na sitaki kujisifu kwamba ningeweza.

Edo Sahara alikuwa mlangoni na birika la chai. "Mimi," alisema. Aliweka birika chini. "Choo kilikuwa kinaingia kwenye tangi, toka kujengwa. Nilijua. Nilikitoa kabla ya harusi, Mutinda akiwa kwao, ndipo nikaapa. Wadudu wakakosa chakula. Mutinda hajafanya kitu. Aliyefanya ni mimi." Kisha akachukua birika na kuanza kutumiminia, kikombe kimoja baada ya kingine.

Nilitegemea watu wamgeukie Mutinda wamwombe radhi. Hawakufanya hivyo. Walikuwa wanahesabu vichwani mwao halua yote waliyokula kabla ya ile harusi. Msichana mmoja alikwenda nyuma akatapika. Na mkorogaji mwingine akasema, si kwa Edo, bali kwa Mutinda, "Na wewe ulijua? Ulituona tunakula?" Mutinda akasema, "Ni moto tu. Moto hauna choo." Mwanamume alisafishwa jambo moja na kupakwa jingine kabla chai haijapoa.

Kesho yake Edo alifunga sketi yake kiunoni, akapika karai zima kwa mkono wake juu ya gesi ile, mbele yetu wote. Baada ya futari aliikata, akala kipande cha kwanza, cha pili akampa Mutinda. Mutinda alikula chote akilamba vidole. Cha tatu akampa Warsame. Warsame alisema bismillahi, akakitazama, akatoa karatasi mfukoni, akakifunga vizuri. "Nitakula baadaye, Edo," alisema. Wengine walimtazama yeye, kisha wakafanya walivyoamua, kama nusu wakala, nusu hawakula. Mimi nilikula.

Edo alimwomba Mutinda abaki, mbele ya watu, na akaendelea kumwita mwanangu. Alibaki mpaka mvua za vuli, kisha akaondoka bila kugombana na mtu. Kwa miaka yote nimedhani alipata kazi nzuri zaidi kwao. Jumamosi, turubai likiwa limebaki na watu wachache, nilitoka nikamsalimia, tukaulizana watoto, nikamwuliza hilo. Alisema hakuwa na kazi yoyote, alikaa nyumbani karibu mwaka mzima.

"Basi uliondoka kwa nini? Edo alishasema si wewe."

"Edo alisema," akajibu. "Lakini asubuhi ile baada ya ile halua nilikwenda kumwaga takataka, nikaikuta karatasi ya Warsame kwenye pipa. Haijafunguliwa."

Nimefikiria jambo hilo tangu Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani watu hula sana magharibi, na halua ni nzito. Warsame alikwisha kufa, hawezi kuulizwa. Labda kweli alikuwa ameshiba.